Bakapu "Imewashwa" Haimaanishi Nakala Yako Ipo

Sisi tunaofanya kazi na pesa za simu tuna wimbo mmoja: fanya bakapu, fanya bakapu. Tunausema kwa SMS, kwa mabango, na kila mtu anaponunua simu mpya. Maoni yangu ni kwamba huo ushauri, ulivyo sasa, ni nusu ya kazi. Watu wengi wameshawasha bakapu. Kitufe kiko sawa, simu imesema sawa, mwenyewe ametulia. Halafu simu inapotelea kwa matatu, ananunua nyingine, anaingia, anangoja namba zake zirudi. Hakuna kitu.

Hapo lawama yote humwangukia yeye: ati hakuwa makini. Mimi sikubaliani. Mara nyingi shida ni mipangilio: kitu kidogo kilichowekwa vibaya siku simu ilipowashwa mara ya kwanza, kikakaa hivyo miaka miwili bila mtu kujua. Na hakuna aliyemfundisha kuangalia. Alifundishwa kuwasha tu.

Kwa hivyo leo tuzungumze kuhusu kuangalia.

Pesa hubaki, biashara ndiyo hupotea

Kwanza tuondoe jambo linalochanganya watu. Pesa yako haikai ndani ya simu. Salio liko kwa mtoa huduma, limeshikana na laini yako na PIN yako. Simu ikiibwa, funga laini upesi, nenda na kitambulisho upate laini nyingine yenye namba ileile. Kama mwizi hakuwa na PIN yako, salio utalikuta. Bakapu hairudishi pesa. Mtu akikupigia akisema atakurudishia salio kupitia bakapu, huyo ni tapeli, kata simu.

Sasa nini hupotea? Fikiria mama anayeuza nguo za mtumba Gikomba. Kwa simu yake kuna wateja mia mbili, na kila mmoja amehifadhiwa kwa alama ambayo yeye pekee anaielewa: "Thika sweta za watoto", "Mwalimu anapenda vitenge", "Huyu halipi mapema". Kuna orodha ya madeni. Kuna picha za mzigo aliotuma Nakuru, na mazungumzo ya WhatsApp ambapo mteja alikubali bei.

Taarifa ya miamala anaweza kuiomba kwa mtoa huduma, na itamwonyesha kwamba siku fulani aliingiziwa shilingi 3,500. Haitamwambia kwamba hizo zilikuwa amana ya sare za shule, na kwamba 2,000 zilizobaki zingelipwa mwisho wa mwezi. Hayo yalikuwa kwa simu. Bila hayo anabaki kumsihi mteja awe mwaminifu.

Simu haijui maisha yako

Kwenye simu za Android, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, bakapu ya kujiendesha ina masharti. Lazima iwe imewashwa, hiyo tunajua. Lakini pia lazima saa 24 ziwe zimepita tangu ya mwisho, simu iwe imetulia haitumiki, na iwe kwa Wi-Fi, isipokuwa kama umeiruhusu itumie data ya laini. Kwa kawaida huwa inangoja pia simu iwe kwa chaji.

Masharti haya yanamfaa mtu aliye na Wi-Fi nyumbani, anayeweka simu kando ya kitanda saa nne usiku na kuiacha kwa chaji mpaka asubuhi. Sasa mlete mwendesha boda wa Kisumu. Simu iko kazini siku nzima. Akichaji, ni saa moja kwa duka la jirani, tena akiwa anaitumia. Intaneti yake ni bando la saa chache. Siku akipata Wi-Fi ni hotspoti ya rafiki, na simu nyingi huitambua hotspoti ya simu nyingine kama data ya kulipia, kwa hivyo bakapu inakataa hata hapo.

Hakuna kilichoharibika. Simu inafanya vile ilivyoambiwa: inangoja. Inaweza kungoja mwaka mzima, na kitufe bado kinaonyesha imewashwa.

Makosa saba yanayorudi kila mara

*1. Akaunti si yako.* Hili naliweka la kwanza kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Unanunua simu dukani, unaombwa akaunti ya Google, huna au hukumbuki. Muuzaji anakusaidia, anafungua moja hapo hapo kwa dakika mbili, anaweka neno la siri analolijua yeye. Au anakuwekea ya mtoto wako, au ya binamu. Simu inafanya kazi, unaondoka ukiwa na furaha. Kuanzia siku hiyo nakala zako zinaenda kwa uaminifu kabisa mahali ambapo huna ufunguo.

Fungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, uingie sehemu ya Google. Juu pale utaona barua pepe. Jiulize maswali matatu. Naijua kwa kichwa? Neno la siri ninalo? Namba ya simu iliyowekwa ya kuokoa akaunti ni yangu, na bado inafanya kazi? Jibu la hapana hata kwa swali moja ni shida, na wakati mzuri wa kuitatua ni sasa, simu ikiwa bado mkononi mwako na akaunti iko wazi ndani yake. Kama haikombolewi, ongeza akaunti yako mwenyewe, kisha uingie sehemu ya bakapu ubadilishe ielekee kwa hiyo yako.

*2. Namba zinaenda kwa laini.* Ukihifadhi mteja mpya, simu huuliza iweke wapi: kwa laini, kwa simu, au kwa akaunti. Wengi hubonyeza ya kwanza inayotokea na hawaulizwi tena. Laini nyingi hubeba namba 250 hivi, majina yakiwa yamekatwa, na laini ikipotea zinaenda nayo. Laini mpya utakayopewa itakuwa na namba yako, lakini ndani haina mteja hata mmoja. Ingia kwa mipangilio ya programu ya namba, chagua akaunti ya Google iwe ndiyo mahali pa kawaida pa kuhifadhi, halafu uhamishe zile za zamani kutoka kwa laini.

*3. Inangoja Wi-Fi isiyokuja.* Nimeshaeleza. Dawa ni mbili. Ya kwanza, ruhusu bakapu itumie data ya laini. Ya pili, mara moja kwa wiki tafuta Wi-Fi ya uhakika, weka simu kwa chaji, ingia sehemu ya bakapu ubonyeze ianze sasa hivi, na uiache mpaka imalize.

*4. Kiokoa betri na kiokoa data.* Tunavipenda hivi vitu, na vinasaidia kweli. Lakini kazi yao ni kuzuia programu zisifanye kazi ukiwa huziangalii, na bakapu ni kazi ya aina hiyo hasa. Simu nyingi za bei nafuu zina ukali zaidi hapa, zinafunga programu za nyuma haraka. Zima vyote viwili kwa muda ule unaofanya bakapu, kisha uviwashe tena.

*5. Nafasi imejaa.* Akaunti ya Google ya bure inakupa GB 15, na hizo zinagawanywa kwa barua pepe, picha na faili zote. Zamani nakala za WhatsApp za Android hazikuhesabiwa humo. Tangu 2024 zinahesabiwa. Mtu ambaye bakapu yake ilikuwa inaenda vizuri alijikuta imesimama bila yeye kubadilisha chochote, kwa sababu ya video za kikundi cha harusi na za kikundi cha mtaa. Tena akaunti ikijaa kabisa hata barua pepe zinaweza kukataa kuingia, ikiwemo ile taarifa ya miamala uliyoomba. Futa video kubwa, na kwa WhatsApp zima chaguo la kuhifadhi video ndani ya nakala. Mazungumzo yenyewe ni maandishi, hayali nafasi kubwa.

*6. Tarehe na saa.* Linaonekana la kuchekesha. Simu iliyokaa bila chaji muda mrefu inaweza kuwaka ikidhani ni mwaka mwingine. Kabla ya kutuma chochote, simu hukagua cheti cha usalama cha mtambo inaowasiliana nao, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ikiwa imepotoka, simu inaona cheti ni batili na inakataa kuungana. Utapata ujumbe wa hitilafu ya mtandao na bando unalo. Programu za malipo pia hukataa kwa sababu hiyo hiyo. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe kutoka kwa mtandao.

*7. WhatsApp ni mlango mwingine.* Bakapu ya simu na bakapu ya WhatsApp ni vitu viwili, na picha nazo zina yao ya tatu. Kila moja ina kitufe chake na inaweza kuwa imeelekezwa kwa akaunti tofauti. Kurudisha WhatsApp kwenye Android unahitaji namba ileile ya simu na akaunti ileile ya Google uliyotumia kuhifadhi. Na kama uliwasha ulinzi wa nakala ukaweka neno la siri, kisha ukalisahau baada ya simu kupotea, WhatsApp yenyewe haiwezi kukufungulia.

Wenye iPhone, yenu inafanana: Wi-Fi, chaji, kioo kikiwa kimefungwa, na GB 5 tu za bure, kwa hivyo hujaa mapema zaidi. Na wenye kabambe, bakapu yenu bora ni daftari. Nakili namba za wateja kwa kalamu, na daftari likae nyumbani.

Fundi akisema "tufute kila kitu", ngoja kwanza

Kuna tabia moja inanikera. Bakapu ikionyesha hitilafu, mtu anapeleka simu kwa fundi, na dawa ya kwanza ni kurudisha simu ilivyotoka kiwandani. Fikiria hiyo vizuri. Una nakala moja tu ya vitu vyako, iko ndani ya simu, kwa sababu bakapu imekataa. Na unataka kuifuta ili bakapu ikubali?

Mpangilio wangu ni huu. Anza na tarehe ya bakapu ya mwisho, iko wazi katika sehemu ya bakapu. Kama ni ya jana, huenda huna shida. Kama ni ya miezi mitano iliyopita, au haipo, unajua umesimama wapi. Soma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho, usiufunge kwa hasira. Kisha angalia kwa mfuatano: saa, intaneti, akaunti, nafasi, kiokoa betri na data. Rekebisha kimoja, jaribu tena, ndipo uende kwa kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua ni kipi kilikuwa kinasumbua, na mwezi ujao utarudi pale pale.

Kabla fundi hajagusa kitu, hamisha namba na picha muhimu kwa njia yoyote ile: kadi ya kumbukumbu, kompyuta, hata simu ya ndugu. Na fundi hahitaji PIN ya pesa zako kwa kazi yoyote ya bakapu. Kamwe.

Kuna mambo mawili pia watu hujua wakiwa wamechelewa. Google inaweza kufuta nakala ya simu ambayo haijatumika kwa siku 57. Kwa hivyo ukipoteza simu ukasema utanunua nyingine baada ya mavuno au baada ya karo, hesabu hizo siku, uombe simu ya mtu urudishe mapema. La pili, nakala iliyotoka kwa Android mpya zaidi hairudi kwa simu yenye Android ya zamani zaidi. Ukiibiwa simu nzuri ukanunua ya mkono wa pili ya miaka ya nyuma, unaweza kukwama hata kama kila kitu kingine kilikuwa sawa. Namba zilizo kwa akaunti ya Google hazina shida hiyo, zinakuja mara tu unapoingia. Ndiyo maana nasisitiza namba zikae huko.

"Lakini bando ni pesa"

Hoja hii ni ya haki, na sipendi watu wa kampuni wanaoipuuza. Kumwambia mtu anayehesabu bando la shilingi ishirini aruhusu simu itume chochote usiku kucha ni kutojali. Lakini angalia ni nini hasa kinakula bando. Namba za wateja na ujumbe mfupi ni maandishi, ni vitu vidogo. Kinachokula ni picha, na zaidi ya picha, video. Kwa hivyo gawanya: namba na ujumbe ziende kwa bando, picha zingoje Wi-Fi, video za kuchekesha zibaki kwa simu, zikipotea zimepotea. Mwenye biashara anajua mali ipi inawekwa kwa sefu na ipi inakaa nje.

Kuna pia wanaoogopa kuweka vitu vyao kwa mtandao wa kampuni ya mbali. Hofu hiyo ina maana. Weka akaunti yako neno la siri zuri, funga kioo cha simu kwa namba ya siri, maana tangu Android 9 huo ufungo wa kioo pia hutumika kulinda nakala. Usiandike PIN ya pesa kwa notsi za simu wala kuipiga picha. Na zile tarakimu za kuthibitisha akaunti zikiingia kwa SMS, usimsomee mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Na sisi je?

Ningekuwa namlaumu mteja peke yake ningeishia hapo juu. Lakini wauzaji wa simu wana deni. Anayemfungulia mteja akaunti amwandikie barua pepe na neno la siri kwa karatasi, amsimamie abadilishe neno hilo mwenyewe kabla hajatoka dukani. Ni dakika tatu. Watengenezaji wa programu nao wana deni. Ujumbe unaosema "kuna hitilafu, jaribu tena baadaye" haujamsaidia mtu. Sema nafasi imejaa. Sema saa si sahihi. Sema kwa Kiswahili.

Na sisi wa huduma za malipo tubadilishe swali letu. Badala ya kumuuliza mteja kama amewasha bakapu, tumuulize ya mwisho ilikuwa lini. Swali la kwanza hujibiwa "ndiyo" na kila mtu. La pili humfanya afungue simu aangalie, na hapo ndipo hugundua.

Jaribu leo

Bakapu ambayo hujawahi kuijaribu ni ahadi tu. Kuijaribu ni rahisi. Chukua simu ya mtu unayemwamini nyumbani, fungua kivinjari, ingia contacts.google.com kwa akaunti yako. Tafuta mteja uliyemhifadhi wiki hii. Ukimwona, namba zako ziko salama. Usipomwona, rudi kwa kosa la kwanza na la pili hapo juu. Ukimaliza toka kwa akaunti kabisa, na usifanye zoezi hili kwa kompyuta ya saiba. Kisha kwa simu yako angalia tarehe ya bakapu ya simu, na ya WhatsApp.

Rudia kila tarehe moja ya mwezi, siku ile unayolipa kodi ya nyumba, ili usisahau. Itakuchukua dakika tano. Kuwapata tena wateja mia mbili, mmoja mmoja, kwa kuuliza watu sokoni, kutakuchukua muda mrefu zaidi, na wengine hutawaona tena.